Dodoki Lililomwosha Mama

Dodoki nimelilima hapa Rubondo tangu tulipokimbia vita tukafika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Likiwa changa tunalipika na karanga. Likikomaa tunaliacha likauke juu ya ua, tunalimenya, tunakung'uta mbegu, zinabaki nyuzi za kuogea. Mazuri nilikuwa napeleka Mbarara kwa mama mmoja Mwislamu muuza sabuni, na huyo hakuwahi kunidhulumu. Walionidhulumu ni watu wa kanisa langu. Kwanza mke wa shemasi, kisha shemasi mwenyewe. Mtu akiniuliza, namwambia hivyo hivyo.

Mama yangu alipofariki nilichuma dodoki laini kuliko yote, nikalishonea kipande cha kitenge chake ili mkono usiteleze. Mke wa shemasi aliongoza wanawake kumwosha. Kwetu Kivu Kusini, kilichoosha maiti kinaingia naye kaburini. Mimi binti sikuruhusiwa ndani, eti machozi yangu yasimdondokee. Nilimngoja mke wa shemasi mlangoni.

"Dodoki mumemuwekea?"

"Tumemuwekea, dada yangu. Kaa, ulie."

Nikamwamini.

Siku ya kuondoa matanga wanawake walipika bugali na sombe ya majani ya muhogo uani kwangu. Nilikula, nikaomba nyongeza. Nilipopeleka sahani kwenye beseni nilimkuta mke wa shemasi anasugua sufuria, povu hadi viwikoni. Kitenge cha mama kilikuwa kimemzunguka vidole, kimelowa mafuta ya sombe.

Nilitapika hapo hapo, kando ya vyombo.

"Ni nini, mama?" akaniuliza.

"Hilo mlimwosha nalo mama yangu. Sasa unatuoshea sahani."

Hakuona haya. "Dodoki muzuri hivi tuizike? Niliichemusha na maji ya moto. Bamama bote baliona, hakuna mwenye alisema kitu."

Niliwatazama. Mmoja akainama kuchota maji, mwingine akajifanya anatafuta kifuniko. Walijua, na walikula. Shemasi, sombe ingali kwenye meno, akaniambia nisilete mambo ya kipagani kwenye matanga ya Mkristo.

Nilimpokonya mkewe lile dodoki, linachuruzika uchafu. Sikupata jembe. Nilichimba kwa panga ubavuni mwa kaburi la mama, nyuma ya nyumba, mkono ukazama hadi kiwiko, nikalifukia. Hakuna aliyenifuata, hata wa kusema sala. Kutoka pale kaburini nilisikia wanagawana bugali uliobaki.