Kitenge cha Mwenge

Jana nilinunua kafuri sokoni, na harufu yake ikanirudisha utotoni mjini Butembo, kwenye sanduku la mama. Humo alihifadhi kitenge cha kijani chenye mkono ulioshika mwenge, alama ya bendera ya zamani ya Zaire. Mama alitoka mkoa wa Equateur, upande wa pili wa nchi, akimfuata baba aliyetumwa kufundisha Butembo. Babu alimpa kitenge hicho siku ya arusi, na kwake kilikuwa ndiko kwao.

Siku alipokianika uani, jirani yetu, mama mzee wa kabila la Wanande tuliyemwita mukaka, yaani bibi, aliacha kuja kwetu.

Asubuhi moja ya mvua mdogo wangu alishikwa na homa kali. Baba alikuwa safarini, mji wa Beni. Mama, mgonjwa naye, alimfunga mtoto katika kitenge kile, nguo pekee iliyokuwa kavu, akafika mlangoni, miguu ikamwishia nguvu. Nikakimbia kumwita mukaka.

Alikitazama kitenge kwanza. "Juu ya hii drapo, hii bendera, batu ba serikali balipigaka baba yangu mu soko," alisema. "Hakusimama wakati balikuwa banaipandisha."

"Sikujua, mukaka," mama akasema. "Mimi ni baba yangu alinipatia. Niitoe?"

"Hapana. Mutoto atasikia baridi."

Akamweka mtoto mgongoni, akajifunga kitenge kifuani kwa mafundo mawili, akapanda kilima mpaka kituo cha afya. Nilimfuata. Njiani wanawake wa rika lake walisimama walipouona mwenge. Aliwasalimu wote kwa Kinande, mmoja mmoja, wala hakuuficha.

Mdogo wangu sasa ana watoto wanne. Binti yake wa kwanza ana jina la mukaka.