Mwalimu wa Ihanda na Kitabu Kisichokuwepo

Kundi letu la wasomaji lilizaliwa kwenye foleni ya malori Tunduma. Abdulwahab, wakala wa forodha, alikuwa akiwaona madereva wanakaa siku tatu, nne, wakisubiri kuvuka kwenda Zambia, na baadhi yao wana riwaya kwenye dashibodi. Akawakusanya kwenye WhatsApp. Mimi niliingizwa nikiwa nimekwama Nakonde, ng'ambo ya pili, nikabaki humo hata nilipohamia miji mingine yenye lugha nyingine. Tulipendekezeana vitabu, tukavisifu, tukavichana. Kanuni ilikuwa moja tu: hutoi maoni kabla hujafika ukurasa wa mwisho. Ukibainika umedanganya, unatolewa.

Hakuna aliyeogopwa humo kama Mwalimu Andongwisye, mstaafu wa shule ya msingi aliyekuwa akilima kahawa Ihanda, huko Mbozi. Hakuandika hata neno. Alituma sauti, akikohoa kwanza kana kwamba darasa limesimama kumsalimu. "Huyu mwandishi kaanza mbio, kachoka, katutwisha sisi mzigo." Kitabu ulichopendekeza akikisifu, ulitembea kifua mbele wiki nzima.

Aliyethubutu kubishana naye ni Fauzia, muuza vitenge wa Tunduma.

"Mwalimu, wewe hujapenda kitabu tangu uhuru."

"Nilikipenda kimoja, mwanangu. Nikakosea, nikakirudia."

Tulicheka. Mwezi Januari Fauzia alimwazima riwaya aliyoipenda, nakala yake mwenyewe, akaituma kwa bodaboda, amsikie atasemaje. Akangoja. Februari ikapita, Machi ikapita. Juu ya riwaya ile Mwalimu hakusema lolote, ila juu ya vitabu vya wengine alizidi kusema, na maneno yake yalikuwa yamebadilika. Yalikuwa mapana kama gunia. Kitabu chochote kingeingia. Fauzia akashuku kwamba mzee hasomi tena, anaokota maoni ya wengine na kuyapindua.

Jumatano moja mchana, akisubiri wateja, akaweka mtego. Aliandika kwamba amemaliza riwaya iitwayo Mvua ya Ileje, ya mkulima na mkewe huko milimani. Je, yupo mwingine aliyeisoma?

Alasiri sauti ikaja. Kikohozi, kisha: "Nimeisoma. Mwisho wake mbaya. Mke anakufa, mwandishi anafunga kitabu siku hiyo hiyo. Amekimbia. Mume anaamkaje kesho yake? Chai anamimina vikombe vingapi? Hilo ndilo lilikuwa la kuandikwa, yeye kakimbia."

Fauzia akajibu kwamba kitabu hicho hakipo duniani. Kundi likalipuka. Matani, kejeli, misemo ya njia ya mwongo kuwa fupi. Mimi nilituma emoji za kucheka, mara tatu. Kabla ya magharibi Abdulwahab akamtoa Mwalimu.

Wiki mbili baadaye Fauzia akapanda hadi Ihanda kudai kitabu chake. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe dukani kwake nilipopita Tunduma, kitenge cha mteja kikiwa mapajani, hakikunjwi wala hakikunjuliwi.

Alipokelewa njiani na jirani, Zabron, mtu mzima mwenye panga la kupogolea kahawa. Aliposikia anatoka kundi la wasomaji, Zabron alimzuia.

"Dada, ngoja kwanza. Mzee hajui kama mmemfukuza."

"Hajui vipi? Simu si anayo?"

"Simu anayo. Macho hana. Presha ya macho, mwaka wa saba huu. Bi Leah, mke wake, ndiye alikuwa anamsomea kila kitu, vitabu na hizo jumbe zenu. Tulimzika Februari. Siku hizi namsomea mimi nikipata nafasi, na mimi darasa lenyewe la nne. Yale ya siku ile nilishindwa. Nikamwambia mnara umeanguka."

Fauzia alisema alitamani kugeuza. Lakini mzee alikuwa ameshatokea kizingitini, ameshika mwimo wa mlango.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sauti hiyo ya vitenge! Fauzia! Mnara umetengenezwa?"

Akamkaribisha ndani, akamkabidhi simu kabla hajakaa vizuri.

"Nisomee. Zabron anasoma kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Siku ile niliyosema kuhusu Mvua ya Ileje, simu ililia mara arobaini na tatu. Nilihesabu. Maoni yangu hayajawahi kuliliwa hivyo. Wamesemaje?"

Fauzia alifungua. Jumbe zote zilikuwepo, na chini yake mstari kwamba ametolewa. Akaanza. "Mwalimu umenena. Hata mimi mwisho haukuniridhisha." Akaenda kwa mwingine. "Huyu anasema umemfungua macho…"

"Unabuni."

"Hapana, Mwalimu."

"Mtu anayesoma hupumua penye nukta. Wewe unapumua penye woga. Leah amenisomea miaka saba, binti yangu. Soma kilichoandikwa."

Akasoma. Alisoma wa Abdulwahab, akasoma wa madereva, akasoma wangu, ambao haukuwa na maneno, ilibidi aseme, "Huyu anacheka. Tena anacheka. Tena." Wa kwake aliuacha hadi mwisho kabisa. "Kitabu hicho nimekitunga mimi leo. Mwongo wa Ihanda ameumbuka."

Nje panga la Zabron lilikuwa limeacha kugonga.

"Kwa hiyo hakipo?"

"Hakipo, Mwalimu."

"Hata hivyo mwisho wake mbaya."

Akainuka, akapapasa rafu, akatoa riwaya ya Fauzia bila kukosea. Ilikuwa imevalishwa jalada la gazeti. Ndani, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, kulikuwa na jani la kahawa lililokauka.

"Tuliishia hapo. Maoni sina. Kanuni ni kanuni."

"Nikae nikumalizie, Mwalimu? Nitakuja kila Ijumaa, duka nafunga."

"Ahsante. Nenda, jua lisikuache njiani."

Fauzia alimpigia Abdulwahab akiwa bado barabarani. Kesho yake asubuhi Mwalimu alirudishwa, na sote tukaomba radhi, kila mtu kwa mstari wake. Nami niliandika wangu. Sijui simu ililia mara ngapi. Saa kumi jioni ukatokea mstari mfupi: Mwalimu Andongwisye ameondoka.

Fauzia alimpigia Zabron kwa hasira, akidhani ni kazi yake.

"Si mimi, dada," Zabron alisema. "Aliniambia nisisome hata moja. Akaniuliza kitufe cha kutokea kiko wapi. Nilimwekea kidole tu. Kubonyeza alibonyeza mwenyewe."

Riwaya ile niliiona dukani, juu ya vitenge vya rafu ya mwisho, ingali na jalada lake la gazeti. Nilimuuliza Fauzia kama tangu hapo ameisoma tena.

"Nilianza upya," alisema. "Nimefika kwenye lile jani. Silivuki."