Fundi wa Nyuma ya Televisheni

Mume wangu Asheri hajui kukaa. Namsema mtu niliyeishi naye tangu Laurenti wetu hajazaliwa, kwa hiyo msidhani nabahatisha. Mpe chai, atapiga funda moja, atainuka, atakwenda kugusa kitu, atarudi, chai imepoa, ataimwaga. Kanisani kwao (yeye ni Mlutheri wa Lushoto, mimi ni Mkatoliki niliyezaliwa kambi ya mkonge) alikuwa akichagua benchi la mwisho karibu na mlango, ili mguu wake ukianza kucheza asisumbue waumini. Kiguu na njia wapo wengi, lakini wa kwangu hata akiwa ameketi bado anatembea.

Alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha mkonge. Bei ya mkonge ilipoporomoka na mashamba yakaanza kumea pori, wakampunguza kazi. Tukahamia Mabawa, chumba na sebule, akawa anatengeneza redio na pasi za watu. Redio hazikumtosha. Alisema redio ukishaifungua mara mbili imekwisha kukwambia yote. Ndipo deki zikamwingia kichwani, na hazijamtoka mpaka leo.

Vijana wa sasa hawajui deki ilikuwa kitu gani. Huku bara hapakuwa na televisheni. Sisi wa Tanga tulidaka ya Unguja kwa antena ndefu, na picha ilikuja ikitaka, isipotaka tulale. Mwenye deki, mashine ya kuchezea kaseti za video, alikuwa mtu mwenye nacho, anajiwekea kaseti, anaangalia sinema ya Kihindi nyumbani kwake. Kisha mwaka themanini na tatu ukaja ule msako wa wahujumu uchumi. Salaale! Watu walitupa sabuni, walizika mabati, walichoma vitenge vipya. Aliyekuwa na deki mbili alilala roho juu, maana angeulizwa kazipata wapi. Asheri akawa anapita mlango kwa mlango na baiskeli yake, anasema: nipeni mimi niwatunzieni. Na wakampa. Nzima, mbovu, zisizo na mfuniko, zile kubwa za zamani ambazo kaseti inaingilia juu. Zikajaa chini ya kitanda, juu ya kabati, na moja ikakaa juu ya cherehani yangu ikaniangalia.

"Baba Laurenti," nikamwambia, "sisi sukari yenyewe tunaisikia kwa majirani. Wakija hao wapekuzi wakute mashine zote hizi kwa mtu asiye na kazi, utasemaje?"

"Nitasema mbovu."

"Na zote ni mbovu?"

"Zilizo nzima nitaziharibu kwanza."

Hawakuja. Lakini mimi ndiye niliyekesha nikisikiliza mlango, si yeye. Yeye alikuwa anafungua na kufunga, anafungua na kufunga, anakata mipira ya baiskeli kuwa mikanda ya deki kwa sababu vipuri havikuwepo dunia nzima ya Tanga.

Sasa nieleze kazi yenyewe ilivyokuwa, msije mkapotea. Katikati ya mji kuna ghorofa ya Mzee Kassamali, duka la misumari na rangi chini, familia juu. Ni Wahindi Waislamu, watu wa kujistahi. Kwao harusi ina upande wa wanaume na upande wa wanawake, na upande wa wanawake unapigwa video na mwanamke, kwa sababu mle wanawake wako vichwa wazi, wamejipamba, wanacheka na kucheza, na mwanamume asiye wa damu yao haruhusiwi kuona. Vizuri. Sasa deki ikiitafuna kaseti ya namna hiyo, nani aitengeneze? Fundi lazima aone picha ndipo ajue imekaa sawa. Nyumba nyingi kaseti zilikuwa zinaozea kabatini kwa ajili hiyo.

Asheri akapata njia. Televisheni inageuzwa, uso wake kwetu wanawake, mgongo kwake. Yeye anachuchumaa nyuma na deki iliyovuliwa mfuniko, bisibisi mkononi. Mimi ndiye macho.

"Juu kuna mchirizi."

"Sasa?"

"Unashuka. Unashuka. Rudi! Umepitiliza, watu wote wamepinda shingo."

"Sasa?"

"Hapo. Usiguse."

Mara ya kwanza Mama Rehmatbai, mke wa Mzee Kassamali, aliniapisha. Mimi kwa rozari yangu, sebuleni kwake, kwamba nitakachokiona hakitoki kinywani kwangu, hata kwa mume wangu. Nikaapa, na nikashika. Nimeona harusi za nusu ya Wahindi wa Tanga vizuri kuliko wajomba zao walivyoziona, na sijasimulia hata moja. Habari zikaenea, wakatuita mpaka Pangani. Asheri akawa fundi wa kuaminika. Ila jambo hilo lilimtafuna yeye. "Kazi yangu nzuri kuliko zote," alikuwa akisema, "sijaiona hata siku moja. Nasikia tu kwako kwamba imetulia." Kisha anainuka, anazunguka uani, anarudi.

Katika nyumba ile alikuwepo Sana, binti mdogo wa Mama Rehmatbai. Deki ikiwa na hitilafu, Sana ndiye aliyeelekeza, naye alielekeza kutoka nyuma ya pazia la mlango wa ngazi, kwa sababu baba yake hakutaka binti zake waongee na mafundi uso kwa uso. Sauti ilikuwa kali, nyembamba, haina aibu.

"Fundi Kiguu! Umekuja kutengeneza au kufanya matembezi? Nasikia viatu tu!"

"Nakuja kukufunga mdomo kwa waya," Asheri alijibu.

"Utafunga nini na hujatulia hata ukashika koleo?"

Walitaniana hivyo miaka na miaka. Nje mabinti wa nyumba ile walitoka wote wamejifunika, wanapanda gari la kaka yao Shehzad, na Asheri akipishana nao hakujua yupi ni yupi. Siku moja tukiwa njiani kurudi akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Hivi huyu Sana yukoje?" Nikamjibu kwamba nimeapa. Ni kweli niliapa. Pia nilikuwa na wivu, na sioni haya kusema: mtu ambaye kwangu hamalizi sentensi, pale kwenye pazia alikuwa anasimama akijibizana mpaka anasahau kilichompeleka. Hakuuliza tena.

Kisha dunia ikafunguliwa. Ikawa ruksa hiki, ruksa kile, maduka yakajaa vitu vya Dubai, deki zikapangwa madirishani kama mikate. Kununua mpya kukawa rahisi kuliko kumwita fundi. Waliokuwa wakimbembeleza Asheri sasa walimletea deki zao kuukuu wakisema "chukua tu, inatujazia nafasi." Naye akachukua! Nyumba ikawa ghala. Kazi ikapungua, na mikono yake ikazidi kuwasha. Alifungua mashine nzima kuona kwa nini ni nzima. Nilimfokea mpaka sauti ikanikauka.

Katikati ya hali hiyo Sana akafa. Homa ilimpanda kichwani, wakampeleka hospitali, hakurudi. Alikuwa hajaolewa. Asheri alikwenda kuzika pamoja na wanaume, akarudi, akafungua deki tatu zisizo na ubovu wowote akazitandaza sakafuni, na mimi siku hiyo sikumfokea.

Arobaini ilipopita, Shehzad akaja Mabawa mwenyewe na gari. "Mama anawaita," akasema. "Mimi sijui la kufanya naye. Haketi, hali, anazunguka nyumba nzima. Twendeni."

Tukamkuta Mama Rehmatbai amesimama katikati ya sebule.

"Shikamoo mama," tukasema.

"Marahaba. Imemla," akasema. "Fundi, imemla mtoto wangu."

Mambo yalikuwa hivi. Sana hakupenda kupigwa picha za video, alikuwa akikimbia. Zipo picha zake za karatasi, lakini inayomwonyesha akitembea na kuongea ilikuwa moja tu, katika kaseti ya harusi ya dada yake Ummekulsum, upande wa wanawake. Anapita na sinia la hina, anamgeukia mpiga video, anasema maneno mawili matatu kwa Kiswahili kwa kuwa mpiga video alikuwa Mswahili, anaondoka. Basi. Na Mama Rehmatbai tangu msiba alikuwa anaiweka kaseti hiyo, anamsimamisha Sana pale pale, anamwangalia. Mzee Kassamali alimkanya, akasema mwache mtoto apumzike. Hakumsikia. Utepe ukisimamishwa mahali pamoja, deki inausugua, na ulisuguliwa mpaka ukalegea, mashine ikautafuna. Uliokunjamana ulikuwa ule ule wa Sana.

Asheri akautoa. Akaunyoosha utepe kidogo kidogo juu ya kioo kwa pamba. Ulipokuwa umekatika akauunga. Televisheni ikageuzwa, Shehzad akatoka, pazia likafungwa, yeye akaenda nyuma. Mimi na Mama Rehmatbai tukakaa mbele.

"Weka," akasema Asheri.

Chengachenga kama theluji. Michirizi. Watu wanavunjika viuno. "Juu," nikasema. "Bado. Bado. Hapo, hapo!" Na kweli Sana akaja. Kulikuwa na alama pale pa kuunga, lakini nilimwona kama ninavyouona mkono wangu, na sinia lake, akageuka, akasema, akapita.

"Imetulia," nikasema.

"Siye," akasema Mama Rehmatbai.

"Mama, ni yeye. Huyo hapo."

"Sura yake. Siye. Rudisha."

Tukarudisha. Siye. Asheri akagusa huku, akagusa kule, picha ikaharibika, ikarudi. Mama Rehmatbai akainuka, akakaa, akakivua kiatu kimoja akakivaa. "Mnanipa mtu mwingine," akasema, na sauti ikamvunjika. Nikawaza moyoni kwamba mama huyu hataki picha, anamtaka mtoto, na huyo hatumwezi. Nilitaka tuondoke.

Nyuma ya televisheni bisibisi ikawekwa sakafuni. Kisha Asheri akasema, "Sauti."

"Sauti ipo," nikamjibu, "tunasikia."

"Imefunikwa. Kama mtu anaongea na blanketi mdomoni. Sana hakuwa anaongea hivi. Alikuwa anakata kama wembe."

Mama Rehmatbai akashika kifua. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo, fundi!"

Picha na sauti katika deki kila kimoja kina kichwa chake cha kuusoma utepe, na kile cha sauti kilikuwa kimelika. Kipya cha mashine ile hakikuwa dukani; maduka yote yale mapya, na hakuna. Asheri akashuka ngazi mbio, akamwacha Shehzad mlangoni akiuliza, akapanda baiskeli yake mpaka Mabawa. Nilikaa na yule mama mchana kutwa, naye hakutulia dakika moja: anachungulia dirishani, anauliza, "Atakuwa amefika? Atakuwa anacho?" Mimi ambaye nimezilaani zile deki kwa majina yote nilikuwa nikiomba kimoyomoyo kwamba mojawapo iwe nacho. Alirudi jasho linamchuruzika mpaka viwikoni, kichwa cha sauti kimebanwa katika leso. Amefungua karibu zote. Akakilehemu, akakikaza, akakilegeza, sikio lake limelala juu ya mashine.

"Weka."

"Niache mimi!" Sana akapiga kelele sebuleni. "Mpige bi harusi, mimi nina njaa!"

Mama Rehmatbai akatoa mlio ambao sitaki kuusikia tena, kisha akacheka, kisha sijui. Nikamshika mabega. Asheri nyuma kule alikuwa ameinama, namwona visigino tu.

"Usimsimamishe tena mama," akasema kutoka huko. "Mwache apite, kisha mrudishe. Utepe utadumu."

"Njoo," akasema Mama Rehmatbai.

"Mama?"

"Njoo huku mbele, umwone."

Nikamtazama yule mama. Asheri hakuinuka. "Mama, Mzee..."

"Mimi ndiye niliyemzaa. Nimesema njoo."

Akaja, anajifuta mikono kwenye suruali mara mbili, mara tatu. Akasimama mbele ya televisheni kwa mara ya kwanza katika nyumba ile. Wanawake wamejaa, vicheko, dhahabu, vigelegele. Macho yake yakawa yanakimbia kutoka huyu kwenda huyu kwenda huyu, na Sana akapita na sinia lake, akasema maneno yake, akatoka.

"Yupi, mama?" akauliza Asheri.

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka yote ile, na mimi namjua, ningeweza kumwambia kwa neno moja.

Mama Rehmatbai alirudisha kaseti. Akamvuta Asheri kwa mkono wa shati mpaka akachuchumaa, na Sana alipotokea akaweka kidole kwenye kioo, akawa anakwenda naye, kidole kinamfuata.

"Huyu."

"Mwenye sinia?"

"Huyu."

Asheri akakodoa. "Mbona mfupi?" akasema. "Kumbe mfupi hivi?"

"Mfupi!" Mama Rehmatbai akacheka huku machozi yanamwingia mdomoni. "Alikuwa anapanda kreti la soda, fundi. Pale nyuma ya pazia. Ukija tu anakimbilia kreti, sauti itokee juu, usijue kwamba ni kibushuti."

"Kreti?"

"La soda."

Asheri akaligeukia pazia la ngazi, akalitazama, akarudi kwenye kioo. Mama Rehmatbai alikuwa amekwisha kurudisha kaseti tena, mashine inavuma. Nikasogea nikachuchumaa upande wake wa pili.

"Ana mwanya hapa mbele," nikamwambia. "Unaonekana akigeuka kucheka. Angalia, Baba Laurenti. Anakuja."