Kadi ya Bi Pasi

Jina lake halisi walilijua watu wa mishahara tu. Wengine wote walimwita Bi Pasi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kunyoosha mashuka ya hoteli katika chumba cha chini kisicho na dirisha, na kwa kuwa hapakuwa na jambo lililokunjamana ambalo yeye alidhani lingemshinda kulinyoosha.

Kazi ile ilimpa maumivu ya mgongo na kadi ya bima. Mgongo aliulalamikia kila siku, kadi aliipenda. Mumewe, fundi rangi mwenye maneno matamu, aliwahi kuichukua akakaa nayo siku kadhaa, akairudisha imefunikwa plastiki ngumu. "Isichakae, mke wangu," alimwambia. Bi Pasi aliwaonyesha wenzake wote wa kufulia, utadhani kavishwa pete.

Kadi yenyewe haikuwa na picha, na ujanja ulianzia hapo. Mdogo wake wa kike, muuza viatu vya mitumba aliyepishana naye umri kidogo tu, hakuwa na bima. Alipoumwa jino, Bi Pasi alimpa kadi. Alipougua malaria, akampa tena. "Hawaangalii uso, wanaangalia namba," alimsimulia mumewe mezani, na mume akacheka mpaka akapaliwa na chai. Mambo yalikwenda shwari, maana kila hospitali ilikuwa na kabati lake la mafaili, na kabati la huku halikujuana na la kule.

Halafu wakubwa wakaziunganisha hospitali zote kwa kompyuta. Njia ya mwongo ni fupi tangu zamani, na sasa ikatiwa waya. Matangazo yalibandikwa kila ukuta, lakini Bi Pasi aliyapita akiwaza mashuka yake.

Asubuhi moja mdogo wake aliamka mguu umevimba kwa kidonda, homa inamchemsha, maneno yake hayashikamani. Bi Pasi alimkimbiza hospitali ya karibu, akatoa kadi kama kawaida. Daktari, kijana mchangamfu, aliisoma skrini akifurahi.

"Siku hizi raha, mama. Zamani ningeanza kuuliza maswali. Sasa naona kila kitu hapa." Akamgeukia muuguzi. "Penisilini. Alishawahi kuchomwa, haikumsumbua."

Aliyechomwa penisilini alikuwa Bi Pasi mwenyewe. Mdogo wake aliwahi kuchomwa mara moja tu, utotoni, koo likavimba, na mama yao akalia akidhani mtoto amekwenda. Muuguzi alikuwa tayari anavuta dawa kwenye sindano. Akisema, kadi inapotea, na huenda kazi ikaifuata. Asiposema, anamuua ndugu yake wa tumbo moja.

"Usimchome," alisema. "Hiyo itamuua."

"Lakini hapa imeandikwa alichomwa, akapona."

"Si yeye. Ni mimi. Kadi ni yangu."

Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimtisha zaidi. Daktari aliitazama ile sindano, akamwashiria muuguzi aitupe. Mgonjwa akapewa dawa nyingine kwa dripu, na kufika mchana homa ilikuwa imeshuka, anaweza kuketi na kuongea.

Ndipo akaja karani wa kumbukumbu, mama wa makamo mwenye miwani, akisukuma kompyuta juu ya kitoroli.

"Mambo ya kadi wataamua wengine," alisema. "Mimi kazi yangu ni hili faili. Lina watu wawili ndani, na likibaki hivi litaua mmoja wenu. Nitasoma, nyie mniambie ni nani."

Akasoma. Jino? La mdogo mtu. Mgongo? Wa Bi Pasi. Malaria? Mdogo mtu. Presha?

"Yangu hiyo, na leo imepanda," Bi Pasi alijibu, na wote watatu wakacheka kidogo. Alianza kuamini kwamba hata hili litanyooka.

"Kujifungua kwa upasuaji, mwaka jana," karani aliendelea. "Mtoto wa kiume."

Bi Pasi alimgeukia mdogo wake, akamkagua tumbo.

"Dada, kila siku uko nami. Hiyo mimba ningeificha wapi?"

"Basi mashine yako imekosea, mama," Bi Pasi alimwambia karani. "Mimi wangu ni mmoja tu, na alishaolewa."

"Kadi ni hii hii, hospitali ya ng'ambo ya mji. Aliyemleta ni mume. Ameacha namba ya simu."

Aliisoma polepole. Bi Pasi aliitambua kabla haijafika katikati, maana ndiyo aliyoipiga kila jioni kuuliza kama fundi amekula. Macho yake yaliiangukia kadi pale kitandani, inang'aa ndani ya plastiki yake. Alizikumbuka zile siku kadhaa mumewe alizokaa nayo. Alikikumbuka na kicheko cha mezani, na kwamba aliyemfundisha mume ujanja ule ni yeye mwenyewe.

Mkono wake ulikuwa ukilinyoosha shuka la kitanda cha hospitali, mahali palipokuwa pamenyooka tayari. Mdogo wake aliushika mkono ule, haukutulia.

"Hili nalo nifanyeje?" karani aliuliza kwa sauti ya chini. "Huyo mama wa watu anahitaji faili lake."

"Mpigie mumewe," Bi Pasi alisema. "Yeye ndiye anayemjua."

Karani alisita, kisha akabonyeza namba kwenye simu ya kazini, akaifungua sauti ili wote wasikie. Ilipokelewa upesi.

"Nakupigia kutoka hospitali," alisema, "ni kuhusu mkeo..."

"Ndiyo, mimi," ilijibu sauti ya fundi rangi, ina hofu ambayo Bi Pasi hakuwahi kuisikia nyumbani kwake. "Kwani mtoto homa imerudi?"