Kitenge Kilichofuliwa Kabla ya Mahakama

Siku yangu ya kwanza kazini niliinua wanaume watatu kwenye benchi. Hakuna aliyenituma. Nilifika ofisi ya mwendesha mashtaka pale Mbarara, Uganda, na viatu vya kuazima, nikakuta mwanamke mwenye bendeji kichwani amekaa ukingoni mwa benchi, paja kwa paja na shemeji zake. Ndugu yao ndiye aliyempasua kichwa. Benchi lilikuwa moja tu, la aliyepiga na la aliyepigwa.

"Ninyi, simameni," nikawaambia. "Mtangojea nje."

"Wewe ni nani?" mmoja akauliza.

"Mimi ndiye ninayewaambia mngojee nje."

Mlango ukafunguka. Wakili Mkuu, mkubwa wa ofisi, akatoa kichwa. Alikuwa mama mwembamba wa Kinyankore, miwani inaning'inia kifuani, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota kwa polisi na sokoni.

"Nani napiga kelele huko?"

"Ni mimi, nyabo," nikamwita kwa heshima ya kwao. "Mfanyakazi mpya."

Akaangalia benchi, akaangalia wale wanaume wakitoka wamenuna. "Basi endelea, Kaaka." Kaaka kwao ni bibi. Wakati ule nilikuwa na mjukuu mmoja tu, lakini jina likanishika hadi leo nina tisa, na wote wanajua kusoma kunizidi.

Mimi shule niliachia darasa la tatu, kwetu Kongo, upande wa Uvira. Kilichonipa kazi ni midomo. Nakivale, kambi ya wakimbizi nilikokimbilia, nilikuwa nawafasiria wanawake wenzangu polisi na hospitalini bila kulipwa, kwa Kiswahili, Kifuliiru na Kinyarwanda, mpaka ofisi ikaona ni heri waniite rasmi. Kwenye barua waliniandika msaidizi wa walioumizwa. Maana yake ni hii: mwendesha mashtaka anashitaki kwa jina la serikali, na aliyeumizwa kwake ni shahidi tu. Akishatoa ushahidi, faili inaendelea na mtu anasahaulika. Kazi yangu ilikuwa asisahaulike. Nilimpelekea hati ya wito, ile karatasi ya kumwita mahakamani. Nilimweleza hakimu atakaa wapi na wakili wa mshitakiwa atamchokoza vipi. Nilimtafutia gari ambalo halikubeba jamaa za mshitakiwa. Msicheke. Mara ngapi nimeteremsha shahidi kwenye gari la polisi kwa sababu mama mzazi wa mshitakiwa amekaa mbele yake, anamkazia macho kutoka Nakivale mpaka Mbarara!

Walinipeleka Isingiro miaka miwili, chini ya Wakili Msaidizi, kijana mpole aliyekuwa anaogopa simu yake mwenyewe. Halafu wakanirudisha Mbarara. Nilipanga chumba Nyamitanga, nikawa navuka mto Rwizi kila asubuhi kwa miguu. Ni hapo kesi ya Nyota iliponikuta.

Nyota alikuwa mjane kijana, mwimbaji wa kwaya, anaishi Nakivale na mama yake. Jirani yao alitaka kipande chao cha shamba, akawa anasogeza mpaka kila msimu. Siku Nyota alipomwuliza, alimkata panga begani kwa nyuma, mchana, katikati ya mahindi. Kabla sijafika, viongozi wa kijiji walikuwa wamekwisha kuwakalisha wapatane. Jirani alileta mbuzi na kreti ya soda. Wakamwambia Nyota ampe mkono wa amani, na mkono waliomwomba ni huo huo ambao hauwezi kuinuka!

Nyota alikataa. Akaniambia, "Mama, mimi sitaki mbuzi. Nataka aseme mbele ya bantu kwamba alinikata." Aseme mbele ya watu, hilo tu ndilo alilotaka.

Siku ile alikuwa amejifunga mabegani kitenge cha kwaya, cha kijani chenye maua meupe. Panga lilipita ndani yake. Kitu kama hicho kinaitwa kielelezo: kinaletwa mahakamani kionekane kwa macho. Kielelezo hutiwa mfuko wa karatasi, huandikwa, hufungiwa kabatini. Basi nikakipeleka kituo cha polisi. Askari wa zamu akakiangalia kama nimemletea samaki aliyeoza.

"Mama, hapa hakuna kabati. Iko panya mingi. Wewe peleka nyumbani, italeta siku ya korti."

"Panya ndio wamekuzuia? Fuga paka!"

Akacheka. Picha alipiga kwa simu yake, na alipohamishwa kituo, picha ikahama naye. Kitenge nikakirudisha kwa mama yake Nyota, nikamwambia akitunze vizuri sana, akilete siku ya kesi. Halafu, kwa pumzi hiyo hiyo, nikampa hotuba niliyokuwa nampa kila shahidi: ogeni, fueni, pigeni pasi, hakimu asije akawadharau. Niliitoa hotuba ile miaka mingi na nilijivunia. Sasa sikilizeni ilichonifanyia.

Siku ya kesi, wanakwaya walikuja kumsindikiza Nyota, wote kumi na wawili wamevaa vitenge vya kwaya. Mama Nyota alikuwa na mfuko mkononi. Wakili Mkuu akaufungua pale koridoni, na mimi nikanusa sabuni kabla sijaona kitu. Kitenge kilikuwa kimefuliwa, kimepigwa pasi ya makaa, kimekunjwa pembe nne kama cha bibi harusi.

Wakili Mkuu aliketi chini kwenye benchi. "Kaaka. Damu iko wapi?"

"Mama Nyota," nikasema, "ulikifua?"

"Sasa ningefanya nini?" Alinishangaa mimi. "Nipeleke kitambaa ya buchafu mbele ya mukubwa? Aseme bantu ya Kongo habana sabuni? Na weye mwenyewe ulisema tufue. Niliifua mara tatu, ile damu ilikuwa mubaya. Na tundu nikashona."

Kwetu hata barua huipeleki kwa mkubwa na mkono mchafu. Mama yule alifanya kwa heshima yote aliyokuwa nayo, na mimi ndiye niliyemwagiza. Sikumwambia kwamba damu ile ndiyo tunayoihitaji. Nilidhani kila mtu anajua, kwa sababu mimi nilikuwa nimejua. Hilo ni kosa langu, naliandika kwa mkono wangu. Lakini msiniambie ni langu peke yangu. Serikali nzima, ofisi kwa ofisi, meza kwa meza, na kitenge kimoja kinakosa fasi ya kulala!

"Ni mimi nilimwambia," nikamwambia Wakili Mkuu. "Nifukuze kesho. Leo tuingie."

"Kufukuza wewe, nani atafukuza watu kwenye benchi?" akasema, lakini hakucheka.

Ndani, mambo yalikuwa mabaya. Daktari aliyejaza fomu ya majeraha hakufika, kwa hiyo fomu ikawekwa kando. Wakili wa mshitakiwa alijua tumebaki na nini. Akamwelekea Nyota, na mimi nikawa nafasiri kila neno, na kila neno liliniunguza ulimi.

"Wewe ulikimbia vita Kongo?"

"Ndiyo."

"Vita vya mapanga?"

"Na bunduki."

"Basi kovu hili ulikuja nalo. Mheshimiwa, hawa watu wanafika huku na makovu yao, halafu wanatafuta jirani wa kumbebesha."

Mshitakiwa akatabasamu. Nilimwona Nyota anaanza kupotea, macho yanakwenda kule kule alikokimbia, na sheria yangu ilikuwa nifasiri tu, nisiseme langu. Watu wamekimbia kifo, na sasa kifo kile kile kinakuwa ushahidi dhidi yao!

Wakili Mkuu akamwita Mama Nyota, akaweka kitenge mbele yake. Wakili wa mshitakiwa akacheka. "Nguo safi kabisa. Iliyochanika nyumbani, ikashonwa."

Hakimu, mzee wa maneno machache, akakikunjua. Akapitisha kidole kwenye mshono. "Mama, kwa nini ulishona?"

"Mukubwa, ningekuletea kitenge yenye tundu?"

"Tundu ilitoka wapi?"

"Panga. Ilianza hapa, ikashuka hivi." Akaonyesha juu ya kitenge, polepole, kama anayemfundisha binti kushona. "Nilishona na uzi nyeupe, kijani sikupata. Munisamehe."

Hakimu akasema Nyota avae kitenge kama alivyokivaa siku ile. Nyota hakuweza kuinua mkono, basi mama yake akamvika, akamtandazia mabegani, akamgeuza. Blauzi yake ilikuwa na shingo pana. Kovu lilianzia juu ya kitambaa. Ule uzi mweupe ulianza pale pale, ukashuka juu ya bega kwa mstari ule ule.

"Kitenge hiki kilitoka Kongo?" hakimu akauliza.

Kabla Mama Nyota hajajibu, wanakwaya walisimama nyuma, kumi na wawili, kijani na maua meupe. Hakuna aliyewaita, na karani akawapigia kelele wakae. "Tulishonewa kule Nakivale, Pasaka ile ingine!" mmoja akasema, na hakimu akaamuru mmoja tu aje mbele, aape, aseme vizuri. Akasema vizuri.

Kovu la Kongo haliwezi kupita ndani ya kitenge cha Nakivale. Jirani alitiwa hatiani. Hukumu ilitaja kwa sauti, mbele ya watu, kwamba alimkata Nyota. Niliifasiri sentensi ile mara mbili. Hakuna aliyeniomba mara ya pili.

Mnadhani yaliishia hapo? Kitenge kile kile kilichokosa kabati kwa mwaka mzima, kesi ilipokwisha ghafla kikapatiwa. Nilikwenda kukiomba kwa mtunza vielelezo.

"Huwezi kuchukua, Kaaka. Hii ni mali ya korti. Lete barua."

Nikaleta barua. Akataka barua ya kuthibitisha barua. Mama Nyota kila akiniona aliuliza, "Kitenge yetu iko wapi? Nyota anaimba na nguo ya rangi ingine, kama mugeni." Miaka mitatu, ndugu zangu. Damu wanairudisha nyumbani, nguo safi wanaifungia kwa kufuli!

Mwaka huu nimestaafu. Waliniandalia keki na saa ya ukutani. Wakili Mkuu, ambaye naye kichwa kimekuwa cheupe, akauliza mbele ya wote, "Kaaka, unataka kusema nini?"

"Saa nitachukua. Lakini sikati keki mpaka mtu ashuke chini aniletee kitenge."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na kisu nilikuwa nacho mimi. Wakili Mkuu akavaa miwani, akashuka mwenyewe. Aliporudi, kitenge kilikuwa mkononi, na karatasi ya namba imebanwa pembeni.

Ninyi mtakaokaa kwenye kiti changu, benchi la pili lipo sasa, nililipigania. Mweleze mtu kwa nini, si nini tu. Na kabati lile la polisi, ulizeni kila wiki. Mimi nimeuliza mpaka nimezeeka, na panya bado wapo.

Kesho yake nilipanda gari la Nakivale. Mama Nyota alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa, akakunja uso.

"Kinanuka ofisi."

"Sasa fua," nikamwambia.