Kanda ya Issa Ndani ya Leso

Siku ile haijanitoka, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata nilipoweka miwani. Nilikuwa mwalimu kijana pale Ruangwa, na binamu yangu Issa, mtoto wa mjomba, akaja kwa baiskeli kutoka Nachingwea, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye kope. Mfukoni alikuwa na kanda moja, ameizungushia leso.

Nikueleze kwanza Issa alikuwa nani. Alilima korosho na ufuta kama baba yake, lakini akitoka shamba alikwenda moja kwa moja kwenye piano kuukuu iliyoachwa na wazungu wa ule mradi wa karanga wa enzi za mkoloni katika klabu yao ya zamani. Mchwa walishaanza kuila, na baadhi ya vibao vyake ukivibonyeza havisemi kitu. Issa alijifunza hapo peke yake kwa kusikiliza jazi ya redioni, kisha akaanza kutunga nyimbo zake mwenyewe, zisizo na maneno. Wazee walisema anapoteza muda. Hawakumwelewa, na mimi niliyemwelewa ndiye niliyemuumiza.

Maana nilikuwa naandika, mwanangu. Gazeti moja la Dar es Salaam lilichapa maoni yangu juu ya santuri mpya za jazi, na bendi niliyoisifu watu waliiulizia. Issa alilijua hilo. Hakuwa amekanyaga baiskeli njia yote ile kwa ajili ya chai yangu.

Tukaiweka kanda kwenye redio; alikuwa amejirekodi akipiga piano ile. Wimbo wa tatu aliutunga siku mama yake alipozikwa kule Nambambo. Mkono wa kushoto ulikwenda polepole, mwendo wa watu waliobeba jeneza. Wa kulia ulianza jambo ukaliacha, ukaanza tena ukaliacha, kama mtu anayetafuta neno asilipate. Na pale penye kibao bubu hakukikwepa, alikibonyeza na kukiacha kimya kikae, kikawa sehemu ya wimbo. Nilikuwa nimesikiliza santuri nyingi za watu wenye majina, na hakuna iliyowahi kunifanya vile. Ilibidi niiinamie redio, nijifanye narekebisha sauti, asiyaone macho yangu.

"Haya mtani, sema," akaniambia. "Leo nataka kweli."

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu binamu ni mtani. Unamtukana, unamnyang'anya kofia, naye anacheka, kwani kununa ni aibu. Tangu utotoni hatukuwahi kuambiana neno zuri bila kuligeuza mzaha, nami nikaona haya kuanza siku ile. Na niseme yote, maana umri huu si wa kuficha: niliona wivu.

"Mtani," nikasema, "huyu ni mbuzi kapanda juu ya bati. Mrudishe zizini."

Issa akacheka, kwa sababu ilimpasa kucheka. Akaitoa kanda, akaifunga tena kwenye leso, taratibu, kama alivyoifungua. Alipoondoka tu nilikaa nikaandika kwenye daftari kurasa mbili za kumsifu. Nikajiambia nitazituma gazetini akija tena. Hakuja tena na kanda. Baada ya muda nikasikia yuko Namungo anachimba dhahabu, na piano ile ikaishia kwa mchwa.

Mwaka jana kifua kikamwangusha. Nililichukua daftari langu, nikamfuata Nachingwea, nikaketi kando ya kitanda na kumsomea kurasa zote mbili huku machozi yananitoka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Mtani wewe!" akasema. "Hata nikiwa hivi huniachi? Umekaa ukatunga yote hayo uje kunitania?"

"Issa, wallahi ni kweli."

"Na wallahi juu yake!" Akanipigapiga mkononi. "Nenda zako, mimi mbuzi wa bati."

Kumbe neno lile alikuwa nalo miaka yote. Alifariki wiki hiyohiyo. Msibani watani tuna kazi yetu ya kuwachekesha wafiwa, kwa hiyo nilipoangua kilio makaburini watu walicheka, wakasema mzee huyu anajua kuigiza.

Binti yake, Zuhura, aliikuta kanda ndani ya leso ileile, akairusha mtandaoni. Sasa wanaojua muziki wanaandika juu yake kutoka kila mahali. Juzi alinisomea maneno ya mmoja, anasema kimya cha wimbo wa tatu ni kazi ya fundi mkubwa. Maneno hayo yamo kwenye daftari langu, karibu neno kwa neno. Zuhura akaniuliza, "Baba mkubwa, hivi mzee wangu alijua kama anajua muziki?" Nikamwomba auweke tena wimbo wa tatu.

Basi mwanangu, wataniane watani, utani ni wetu na ni mtamu. Lakini mwenzako akikuletea kazi ya mikono yake, akakuambia leo nataka kweli, uache utani mlangoni pamoja na viatu. Mwambie kilicho kizuri, na umwambie ni kizuri kwa nini. Mwambie siku hiyohiyo, angali anaweza kukuamini. Mimi nilichelewa, na ukweli wangu ukafika kama mzaha.

Mwenyezi Mungu amrehemu Issa. Nawe akulainishie ulimi kwenye jema, na siku utakapolisema, akupe wa kukuamini. Amina.