Raifali Niliyomchagulia Baba Nikiwa Guangzhou

"Ya kukoki kila risasi, au inayojikoki yenyewe?"

Baba aliniuliza hivyo kwa ujumbe wa sauti mchana mmoja, nikiwa kwenye lifti ya Tianxiu, jengo la wafanyabiashara, iliyojaa watu. Sikuwahi kushika bunduki. Nilikuwa karani wa wakala wa mizigo, kazi yangu kuandika orodha za kontena, na chuo kikuu kilikuwa kimenifundisha kuuliza zaidi kuliko kujibu.

Shida yenyewe niliijua. Kila masika mto hukata barabara ya kwetu na kijiji kinabaki kisiwa kwa wiki mbili, tatu. Mwaka uliotangulia wezi wa ng'ombe walikuja siku hizo hizo, wakijua hakuna askari atakayevuka. Jirani alivunjwa taya. Sasa baba alikuwa anaomba kibali cha raifali moja. Fomu ilitaka aina ya silaha, naye hakutaka kukosea halafu aanze upya.

"Unataka bunduki au unataka daraja?" nikamjibu.

"Daraja halina fomu, mama. Bunduki ina fomu. Niambie."

Nikamuuliza kama ana hakika bunduki itawalinda, au itawaleta wezi waliojiandaa zaidi. Aliniacha niseme yote. "Umemaliza? Haya, ipi?"

Guangzhou hakuna anayeagiza mzigo bila kushika sampuli. Tabia hiyo ilikuwa imeniingia, nami nikajitafutia sampuli: mpini wa dekio la ofisini. Nauweka begani, navuta hewani bolti, kile chuma cha kukokia, nasukuma, nafyatua. Kisha nafyatua mara tano mfululizo, bila kuvuta chochote. Mteja wetu, mama mmoja wa Unguja aliyetoka soko la nguo la Shahe na mafurushi ya magauni, akanikuta hapo.

"We mwanangu, ushakuwa askari lini?"

"Namchagulia baba bunduki."

"Kwa dekio?" Akaketi juu ya furushi. "Basi funga mlango kwanza. Kiswahili chetu Wachina hawakijui, lakini hiyo mikono yako kila mtu anaielewa."

Nikamweleza. Semi-otomatiki, ile inayojikoki yenyewe, ina kasi; wakija watu watatu hupotezi muda. Ya bolti ina vyuma vichache vya kuharibika, na inamlazimisha mtu afikiri kabla ya risasi ya pili.

"Babako ana hasira za haraka?"

"Hapana."

"Sasa unataka nani afikiri?"

Nilichukia, maana hilo ni swali ambalo ningeuliza mimi. Nikamwandikia baba: semi-otomatiki. Baada ya dakika kumi nikaufuta ujumbe. Siku nne nilisoma mabishano ya wawindaji mtandaoni, nikibadili mawazo kwenye metro, nikibadili tena kwenye foleni ya tambi. Kila hoja niliiamini mpaka niisome inayofuata. Nikamsumbua baba: risasi utaziweka wapi? Ufunguo atakuwa nao nani? Utaisafisha na nini matope yakiingia? Umbali wa zizi ni hatua ngapi? Alijibu yote bila kuchoka, na kila jibu lilikuwa na mkia uleule: "Ipi sasa?"

Siku ya tano akaniambia mvua zimeanza huko nyumbani. Nikarekodi kwa haraka, nisije nikajisikia nikisita: "Bolti, baba."

"Sawa, mama. Wewe ndiye msomi."

Basi. Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye, hakubisha hata kidogo, na jambo hilo liliniwasha kuliko ubishi wowote. Kibali kilitoka, raifali ikanunuliwa. Kila nikimuuliza inaendaje, alijibu neno moja: nzuri. Masika mawili yakapita hivyo, simu yangu ikiwa mezani uso juu katikati ya orodha za kontena, nami nikishtuka kila inapolia.

Nilirudi nyumbani likizo mwaka wa tatu. Mama alikuwa anachambua mchele, akaniambia kama mtu anayesema habari za hali ya hewa: baba yako alizaliwa mtu wa shoto. Kijiko na kalamu alihamishiwa kulia kwa fimbo tangu mdogo, lakini bunduki huiegemeza kwenye bega la kushoto. Bolti iko upande wa kulia, na mkono wake wa kufyatulia ni wa kushoto. Kila akitaka risasi ya pili, lazima kwanza aishushe bunduki begani.